Barazani kwa Mwalimu: Manahodha Wawili, Chombo Kimoja

Mwezi uliopita, baada ya jarida letu kugawiwa, mama mmoja alinisimamisha kwenye maegesho ya magari akanipa swali nisilolitazamia. "Maalim," alisema, "umetuandikia habari za lugha ya watoto, umetuandikia za kodi na za bima. Mbona hukutuandikia za bwawa? Wengi wetu hapa Houston tumehamia katika nyumba zenye mabwawa ya kuogelea, na hatujui hata pampu inafanya nini." Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa kuwa ninayo habari ya bwawa, nayo imo aibu yangu ndani yake. Nimeona niitoe leo kabla joto halijatushika sawasawa. Ina faida ya kiufundi, na ina faida nyingine ambayo msomaji ataiona mwenyewe.

Sisi tuliokulia pwani hatukuhitaji bwawa. Bahari ilikuwa mlangoni, na maji yake yalijisafisha kwa kupwa na kujaa. Bwawa la nyuma ya nyumba ni maji yaliyofungwa. Hayana kupwa wala kujaa, kwa hiyo hupewa pampu. Pampu huyavuta maji, huyapitisha katika chujio, huyapitisha penye dawa, kisha huyarudisha bwawani. Dawa ikikosekana kwa siku chache katika joto la Texas, maji hugeuka kijani. Ubaya wa kijani hicho hauishii kwenye sura. Maji ya kijani hayaonyeshi chini. Mtoto akizama ndani yake, mtu aliyesimama ukingoni hatamwona.

Nyumba ninayoizungumza ni ya jamaa yetu mmoja, ambaye kwa stara yake sitamtaja. Kila Jumamosi asubuhi yeye na wanawe wa kiume huondoka, lango hufungwa, na akina mama na mabinti wa familia sita huogelea hapo faraghani. Mmoja wa akina mama hao amesomea kufundisha kuogelea. Kwa mabinti wengi wa mtaa wetu hapo ndipo mahali pekee wanapoweza kujifunza bila ya kutazamwa, na katika nchi hii ambayo watoto wetu wamezungukwa na mabwawa, maziwa na mito, kujua kuogelea ni kinga ya roho.

Mwezi wa Aprili mwaka 2023 pampu ya zamani ya nyumba hiyo ilikufa. Jamaa yetu akamwita kijana mmoja wa jamii yetu, fundi wa umeme mwenye leseni, akamfungia pampu mpya ya mwendo unaobadilika. Hapa inafaa nieleze kidogo pampu ya namna hiyo ni kitu gani.

Pampu ya zamani ilijua mambo mawili tu: kusimama, au kukimbia kwa nguvu zake zote, kwa kawaida mizunguko 3,450 kwa dakika. Pampu mpya ina chombo cha elektroniki juu ya mota kinachoiwezesha kwenda polepole au kwa kasi, kadiri inavyoamriwa. Faida yake ni kubwa kwa sababu ya kanuni ya maumbile niliyoifundisha darasani kwa miaka mingi. Ukipunguza mwendo wa pampu hadi nusu, maji yanayopita hupungua hadi nusu, lakini nguvu inayohitajika hupungua hadi sehemu moja ya nane. Tuchukue mfano. Pampu inayotumia wati 1,600 kwa kasi kamili, ikienda kwa saa nane, itakula uniti 12.8 za umeme. Pampu hiyo hiyo ikienda kwa nusu ya mwendo, kwa hesabu ya kanuni itatumia wati 200. Ikienda kwa saa kumi na sita itakuwa imepitisha maji yale yale, nayo imekula uniti 3.2 tu. Kwa mwezi wa siku thelathini, hiyo ni tofauti ya uniti 384 na uniti 96. Kwa vitendo akiba hupungua kiasi, maana mota na elektroniki zake nazo zina upotevu, lakini hubaki kubwa. Ndiyo maana tangu tarehe 19 Julai 2021 Wizara ya Nishati ya Marekani imeweka viwango vya matumizi ya umeme ambavyo pampu nyingi kubwa za kuchuja haziwezi kuvifikia isipokuwa ziwe za mwendo unaobadilika.

Nyumba ile ilikuwa pia na kisanduku cha uongozi ukutani. Kisanduku hicho hutunza ratiba, huwasha taa za bwawa, huamrisha pampu, na huwasiliana na simu ya mwenye nyumba. Ndani yake mna rilei, yaani swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa amri badala ya mkono. Tena palikuwa na mtambo wa chumvi, ambao huitumia chumvi iliyomo majini kutengeneza klorini, ambayo ndiyo dawa ya kuua vijidudu.

Kijana alifunga pampu, akaweka ratiba katika kisanduku: pampu ianze saa tatu usiku na isimame saa kumi na moja alfajiri. Natumia hesabu yetu ya saa; kwenye simu zimeandikwa 9 na 5. Aliuchagua usiku kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amejiandikisha kwa kampuni inayouza umeme wa usiku kwa bei nafuu, jambo la kawaida huku Texas. Akalipwa, akaenda zake, na kwa wiki mbili maji yakawa safi kama kioo.

Kisha mambo yakaharibika. Katikati ya Mei maji yakaanza kufifia. Mwanzoni mwa Juni yakawa kijani. Jamaa yetu akanunua dawa za madukani, akamimina. Maji yakasafika siku mbili, yakarudi kijani. Jumamosi moja, kabla ya wageni kufika, mama mwenye nyumba alichukua sahani nyeupe akaidondosha ndani ya maji. Ilitoweka kabla haijashuka urefu wa mkono. Hakuuliza mtu. Alikwenda akafunga lango kwa kufuli, akawapigia simu wenzake wote akawaambia hakuna kuogelea mpaka atakapoiona sahani yake. Wiki tatu zikapita bila ya mafunzo.

Katika wiki hizo tatu maneno yalizaliwa. Jamaa yetu alisema pampu aliyouziwa ni mtumba uliopakwa rangi. Mwingine akaongeza kwamba kijana yule alijifunzia ufundi kwenye nyumba za watu. Baada ya sala ya Ijumaa habari zikawa zinatembea kutoka safu hadi safu, na watu wawili waliokuwa wamemwahidi kazi wakaghairi. Hatimaye nililetewa shauri mimi, kwa kuwa ni mtu mzima na kwa kuwa nilifundisha fizikia. Nikamsikiliza mwenye nyumba kwa saa nzima, nikampigia simu kijana, na kabla hajamaliza kuniamkia nikamwambia: "Mwanangu, rudisha fedha za watu."

Akanyamaza kidogo, akajibu kwa adabu: "Maalim, nitarudisha ikiwa ni haki yao. Lakini naomba kwanza nije niitazame, na wewe uwepo."

Nilikuwa nimesahihisha daftari kabla ya kulifungua. Kwa kosa kama hilo niliwahi kuwakemea walimu vijana waliokuwa chini yangu.

Tukakutana siku ya Jumapili. Mwenye nyumba alianza kwa ushahidi wake: pampu inafanya kazi kila siku, yeye mwenyewe huisikia ikinguruma mchana; na mtambo wa chumvi unafanya kazi, kwa kuwa simu yake huonyesha umewashwa, kwa kiwango cha asilimia 50. Ikiwa pampu inazunguka na dawa inatengenezwa, na maji bado ni kijani, basi pampu ni mbovu, haivuti sawasawa. Hoja ilionekana kamili. Kijana hakubishana nayo. Aliuliza swali moja tu: "Inanguruma saa ngapi?"

"Mchana. Kuanzia asubuhi hadi alasiri."

"Na usiku?"

Mwenye nyumba akasema bila shaka na usiku pia, kwani ratiba ni ya usiku na simu huonyesha hivyo. Hapo mama mwenye nyumba, aliyekuwa ametuletea chai, akasema kutoka mlangoni: "Usiku haingurumi. Mimi huamka kabla ya alfajiri kila siku, na dirisha la jikoni liko juu yake. Tangu mwezi uliopita ni kimya." Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Kijana akaweka kikombe chini, akaenda kwenye kisanduku. Utaratibu alioufuata nauandika hapa hatua kwa hatua, maana ndio faida ya kiufundi niliyoiahidi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kutazama bila ya kugusa. Akasoma kioo kidogo kilicho juu ya pampu. Pampu ile, ikiwa inaongozwa na kisanduku, huonyesha kwamba iko chini ya uongozi wa nje, na vitufe vyake hulala, havipokei amri. Siku ile vitufe vyake vilikuwa macho, na kioo kilionyesha ratiba ya pampu yenyewe: kuanza saa mbili asubuhi, kusimama saa tisa alasiri. Akageuka akamtazama mwenye nyumba. Jamaa yetu akakumbuka. Katikati ya Mei simu yake ilimpa ujumbe kwamba pampu haiwasiliani. Yeye, kwa kutaka pampu isisimame, akabonyeza vitufe vya pampu akaipa ratiba ya mchana. Pampu ikazunguka, ujumbe akaupuuza, na hakumweleza mtu kwa kuwa aliona tatizo limekwisha.

Hatua ya pili ilikuwa umeme mkubwa. Kijana akavaa glavu, akapima kwa mita yake. Katika nyumba za Marekani pampu za aina hii kwa kawaida hupewa nyaya mbili za moto, na kati yake huwa na volti zipatazo 240. Umeme ulikuwapo, tena ulikuwapo hata rilei ilipofunguliwa. Mimi nilidhani nimeona kosa. Kijana akanieleza kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa. Pampu ya zamani ilikatiwa umeme na rilei ili isimame. Pampu hii mpya inataka umeme wakati wote, upande wa kuingilia wa rilei, na husimama kwa kuamriwa. Ukiifunga upande wa kutokea kama ile ya zamani, kila rilei inapofunguka akili yake nayo huzimika, mawasiliano hukatika, na elektroniki zake huchoka kwa kuwashwa na kuzimwa kila siku. Kosa hilo la kutumia nyaya za zamani kama zilivyo hufanywa na wengi. Yeye hakulifanya.

Hatua ya tatu ilikuwa nyaya ndogo za mawasiliano, zinazobeba maneno baina ya kisanduku na pampu. Hapo alizima swichi kuu za pampu na za kisanduku, akapima tena kuhakikisha umeme haupo, kisha akangoja dakika tano kwa saa yake ya mkononi. Nilimwuliza anangoja nini. Akasema ndani ya chombo cha elektroniki mna kapasita zinazohifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa, na kitabu cha pampu kimeamrisha kusubiri. Msomaji aishike hiyo.

Alipofungua kifuniko alitoa nyaya mbili nyembamba, mmoja wa manjano na mmoja wa kijani. Rangi zilikuwa mahali pake. Lakini alipouvuta kidogo ule wa kijani, ulimjia mkononi. Ganda la plastiki halikumenywa vya kutosha, kwa hiyo skrubu ilikuwa imebana plastiki badala ya shaba. Shaba iligusa kwa ncha tu. Kwa wiki mbili ilitosha; kisha mtetemo wa pampu ukaitikisa, na mguso ukapotea.

Kijana akautazama ule waya kwa muda, akasema: "Hili ni kosa langu, Maalim. Niliufunga mimi."

Sasa tulikuwa na vipande vyote, na tukaweza kuona kilichotokea. Kisanduku kilifuata ratiba yake ya usiku. Saa tatu kilitoa amri pampu ianze, kikafunga rilei. Pampu haikuisikia amri, kwa kuwa waya ulikuwa umeachia. Lakini mtambo wa chumvi ulichukua umeme wake katika upande wa kutokea wa rilei ile ile, kwa hiyo ulipata umeme. Dawa ilikuwa tayari, na maji yamelala. Asubuhi saa mbili pampu ikaamka kwa ratiba yake yenyewe, ikayazungusha maji hadi alasiri. Lakini saa hizo rilei ilikuwa wazi na mtambo wa chumvi hauna umeme. Usiku palikuwa na dawa bila ya maji, mchana palikuwa na maji bila ya dawa. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Hapa manahodha walikuwa wawili tu, wala hawakugombana; hawakupata kukutana hata siku moja.

Na zile asilimia 50 katika simu? Hicho ni kiwango kilichoagizwa, hakikuwa kiwango kilichotengenezwa. Jamaa yetu alikuwa akisoma amri akidhani anasoma utekelezaji.

Kijana akatuonyesha jambo jingine ambalo lilinitia baridi. Mtambo wa chumvi unapotengeneza klorini hutoa pia gesi ya haidrojeni. Maji yakipita, gesi huchukuliwa na mkondo. Maji yakisimama na mtambo ukaendelea kufanya kazi, gesi hujikusanya ndani ya bomba, na bomba laweza kupasuka kwa kishindo. Kinga ipo: swichi ndogo ya mkondo, inayouzuia mtambo kufanya kazi pasipo maji yanayopita. Usiku zote zile swichi hiyo ndogo peke yake ndiyo iliyosimama baina ya nyumba ile na ajali. Ndiyo maana haifai kuifunga mitambo ya namna hiyo kwa umeme usiokatika, ati ili ifanye kazi zaidi. Mtambo uwe unapata umeme katika saa za pampu tu, na swichi ya mkondo iwe nzima.

Tengenezo lenyewe lilichukua nusu saa. Kijana alikata ncha za nyaya zote mbili, akazimenya upya, akazibana, akazivuta kila mmoja kuhakikisha. Akafuta ratiba iliyokuwa katika pampu. Akahakikisha namba ya pampu ni ile inayotambuliwa na kisanduku. Katika mitambo hii kila pampu ina namba yake kama namba ya nyumba, na zikiwa pampu mbili zenye namba moja, au namba ikikosewa, amri hupotea. Akasawazisha saa ya kisanduku. Kisha akaturudishia umeme, akampa mwenye nyumba simu yake, akamwambia: "Washa. Sikiliza. Sasa punguza. Tazama wati. Sasa zima." Kila amri ikatiiwa mbele ya macho yetu. Mwisho akampunguzia mwendo hatua kwa hatua hadi taa ya mkondo katika mtambo wa chumvi ikazimika, akapandisha tena kidogo mpaka ikawaka, akaandika mwendo huo kwa kalamu ndani ya mlango wa kisanduku. Chini ya hapo, alisema, usishuke. Umeme utapungua, lakini dawa haitatengenezwa.

Ndugu wasomaji, kwa wenye pampu za namna hii nafupisha hivi.

Kwanza, kazi ya kufungua vifuniko na kugusa nyaya ni ya fundi mwenye leseni. Maji na umeme havisamehe. Kazi yako ni kutazama, kusikiliza na kuandika: pampu huanguruma saa ngapi, kioo chake kinasema nini, ujumbe gani ulitokea katika simu na tarehe gani.

Pili, ratiba iwe mahali pamoja. Ikiwa una kisanduku cha uongozi, ratiba ikae humo, na vitufe vya pampu uviache. Ukilazimika kuvitumia siku ya dharura, mweleze fundi.

Tatu, pampu ikianza kwa kasi kubwa kwa dakika chache kisha ikatulia, usishtuke, inajivutia maji. Ikianza yenyewe usiku wa baridi kali, huenda ni kinga ya kuganda, inayotembeza maji yasigande bombani. Tuliokuwapo Texas mwezi wa Februari 2021, umeme ulipokatika katika mamilioni ya nyumba na mabomba yakapasuka, tunaijua thamani yake. Lakini ikijiwasha hivyo katika joto la Juni, kipimajoto chake kitazamwe.

Nne, rangi za nyaya za mawasiliano hazifanani kwa watengenezaji wote. Kitabu cha pampu yako ndicho hakimu. Na nyaya hizo nyembamba zisipitishwe katika bomba moja na nyaya za umeme mkubwa.

Tano, swichi ya usalama ya pampu, ile inayokata umeme unapovuja hata kidogo sana, ikiwa inajikata mara kwa mara, usikubali ibadilishwe kwa swichi ya kawaida ili mambo yaende. Itafutwe sababu. Vilevile ule waya mnene wa shaba usio na ganda, unaounganisha pampu na vyuma vya bwawa, usiondolewe kwa kudhaniwa ni wa ziada. Huo huzuia tofauti ya umeme baina ya vitu ambavyo muogeleaji aweza kuvigusa kwa pamoja.

Sita, pampu ikishapona, maji yapimwe. Taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, CDC, inashauri klorini huru isipungue 1 katika sehemu milioni, au 2 ikiwa bwawa limetiwa dawa ya kuikinga klorini na jua, na kipimo cha pH kiwe baina ya 7.0 na 7.8. Na bwawa ambalo huoni chini yake halina ruhusa ya kuingiwa na mtu, hata vipimo viseme nini.

Inabaki faida ya pili. Katika barazani ile kila mmoja wetu alikuwa amesema kweli: mwenye nyumba aliisikia pampu mchana, na simu ilionyesha alichosema, na kijana alifunga pampu mpya. Makosa nayo yaligawanyika. Kijana alikuwa na waya wake, akaukiri mwenyewe kabla ya kuulizwa. Jamaa yetu alikuwa na ratiba yake aliyoificha bila ya kukusudia. Yangu lilikuwa kubwa kuliko yote, kwani wao walikosea katika vitu vya kutengenezeka kwa bisibisi. Nilimwomba radhi kijana pale pale mbele ya waliokuwapo, lakini maneno yalikuwa yamesambaa mbali kuliko pale. Ijumaa iliyofuata mimi na mwenye nyumba tuliwaendea wale watu wawili walioghairi, tukawaeleza mambo yalivyokuwa, waya na ratiba na yote. Mmoja akamrudishia kazi. Wa pili alikuwa amekwisha kumpa mtu mwingine, na hilo hatukuweza kulitengeneza.

Maji yalichukua siku tano kusafika, kwa kupiga brashi, kuosha chujio na kupima asubuhi na jioni. Siku ya sita mama mwenye nyumba alisimama ukingoni, akaiona sahani yake imelala chini kabisa penye kina kirefu. Akamtuma mwanawe aizamie. Jumamosi lango likafunguliwa.

Mwezi ujao, Inshaallah, nitajibu barua ya ndugu aliyeuliza jinsi ya kusoma mkataba wa umeme kabla ya kuutia saini. Mwenye swali lake na aniletee barazani.

Wenu, Mwalimu Mstaafu